Wachora tatuu hujifunzia kwenye ngozi ya nani?

Kila tunapogusia tatuu hewani, simu ya studio hujaa ujumbe. Wazazi wanataka kujua kama zinafutika. Vijana wanauliza bei. Wengine wanauliza kama ni dhambi, na hilo tunawaachia viongozi wa dini. Lakini kuna swali moja ambalo hatukuwahi kulijibu vizuri, na makala haya ni kwa ajili yake. Fundi cherehani anayejifunza huharibu kitambaa. Seremala huharibu ubao. Je, mchora tatuu anapojifunza, huharibu nini?

Jibu fupi ni kwamba kwa kawaida ya kazi hii, huanza kuharibu ngozi yake mwenyewe, kisha ngozi ya mafundi wenzake. Mteja huja mwisho. Jibu refu lina habari nyingi zaidi, na ndani yake kuna mambo ya kumuuliza mtu yeyote anayekushika mkono akiwa na sindano.

Tuanze na ngozi yenyewe. Tabaka lake la juu hujivua na kujijenga upya kila baada ya mwezi hivi, kwa hiyo wino ukiishia hapo utapotea. Tatuu hukaa kwenye tabaka la pili, kina cha milimita moja hadi mbili tu. Hapo mwili huuona wino kama adui, na chembe zake za ulinzi huumeza. Haziwezi kuuyeyusha, basi zinabaki nao tumboni. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba chembe hizo zikifa, wino hutoka na kumezwa na chembe mpya palepale. Ndiyo maana mchoro unadumu miaka na miaka.

Sasa fikiria fundi anayetakiwa kulenga milimita moja kwenye mwili unaopumua. Akichoma juu mno, mchoro utapauka. Akichoma chini mno, wino husambaa kama kalamu ya maji iliyogusa karatasi ya gazeti, na kovu huja juu yake. Mashine ya umeme huchoma makumi ya mara kila sekunde. Sindano yenyewe mara nyingi si moja bali fungu la tatu, tano, saba au zaidi. Mkono ukienda polepole mno ngozi huchanika, ukienda haraka mno mstari hutoka na mapengo. Mapaja si sawa na mbavu, wala ngozi ya kijana si sawa na ya mzee.

Ndiyo sababu mwanagenzi huanza mbali kabisa na watu. Huchora kwenye karatasi miezi na miezi. Kisha hupewa chungwa, balungi, ngozi ya nguruwe kutoka buchani, au ngozi bandia inayouzwa siku hizi. Chungwa linafundisha kushika mashine, na mviringo wake unasaidia. Lakini chungwa halitetemeki, halitoi damu, halilalamiki. Siku moja mwanagenzi hukaa peke yake, hukunja kaptula na kujichora kwenye paja. Paja, kwa sababu mkono unalifikia na suruali inalificha. Ukipata nafasi ya kuona mapaja ya mchora tatuu mkongwe, utakuta pale mistari iliyopinda ambayo asingekubali kumchora mteja hata kidogo.

Hatua inayofuata ndiyo iliyotufanya tuandike. Fundi mwenzake, mara nyingi mwalimu wake mwenyewe, hulala kitini na kusema: haya, nichore mimi. Anayelala hapo anajua kila kitu kwa hisia. Anasikia kwenye mfupa kama sindano imeingia sana. Anasikia kwa sikio kama mashine inakwenda vibaya. Anasema, punguza, vuta ngozi kwa mkono wa kushoto, inamisha sindano kidogo. Mteja hawezi kusema hayo. Mteja anauma meno na kuangalia dari. Mafundi wakishakomaa huendelea kuchorana, safari hii si kwa kujifunza tu bali kwa heshima, kwa urafiki, na mara nyingi bila fedha kupita: wewe nichore bega, nami nitakuchora mgongo.

Gus, Maud na binti yao

Hakuna habari inayoonyesha desturi hii vizuri kuliko ya familia ya Wagner ya Marekani. Gus Wagner alikuwa baharia aliyezunguka dunia na kurudi na michoro zaidi ya 200 mwilini. Mwaka 1904, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa katika mji wa St. Louis, alikutana na Maud Stevens, msichana wa sarakasi aliyekuwa akiruka kwenye kamba na kuukunja mwili wake. Gus alimpenda. Maud, kama inavyosimuliwa, alikubali kutembea naye kwa sharti moja: amfundishe kuchora.

Baadaye walioana. Gus akamchora Maud, na Maud akajifunza mpaka akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuifanya kazi ya tatuu Marekani. Ipo picha yake maarufu ya mwaka 1907, amejipamba kwa mkufu, kifuani na mikononi kuna simba, nyoka, nyani na minazi. Wakati huo mashine ya umeme ilikuwa imeshapatikana. Thomas Edison alikuwa amesajili kalamu ya umeme ya kunakilia maandishi mwaka 1876, na mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alisajili mashine ya tatuu iliyotokana na wazo hilo. Hata hivyo Gus na Maud waliendelea kuchoma kwa mkono, tundu baada ya tundu.

Binti yao, Lotteva, alianza kuchora watu akiwa na miaka tisa. Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na tatuu hata moja. Mama yake alikataa asichorwe, na hatujui fundi mwingine wa zama zake aliyebaki na ngozi safi namna hiyo. Baba alipofariki mwaka 1941, Lotteva alisema kama si baba yake, basi hakuna mwingine atakayemgusa. Akashika msimamo huo mpaka kifo chake mwaka 1993. Tatuu yake ya mwisho inasemekana kuwa ua la waridi, na aliyechorwa alikuwa fundi mwenziwe mdogo kwa umri, Don Ed Hardy wa California.

Barua za kuvuka bahari

Huyo Hardy ni mlango wa habari nyingine. Alizaliwa mwaka 1945 na kusoma sanaa chuoni San Francisco. Kwa barua alifahamiana na fundi wa Honolulu, visiwani Hawaii, aliyeitwa Norman Collins lakini akajulikana zaidi kwa jina la Sailor Jerry. Wateja wa Jerry walikuwa mabaharia na wanajeshi. Yeye mwenyewe alikuwa akitamani kitu walichokuwa nacho Wajapani: mchoro mmoja unaofunika mgongo wote, wenye upepo na mawimbi, badala ya nanga hapa na moyo pale.

Mafundi wa wakati ule walifichana siri. Rangi zilichanganywa mlango ukiwa umefungwa. Jerry alikuwa mkali kwa aliowaona wezi wa michoro, lakini kwa wachache aliowaamini alimwaga kila alichojua. Aliandikiana na fundi wa mji wa Gifu, Japani, anayeitwa Horihide, wakibadilishana maarifa ya mashine na rangi kwa maarifa ya michoro. Japani nayo ilikuwa na kidonda chake: serikali ilipiga marufuku tatuu mwaka 1872, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 1948. Kwa miaka yote hiyo kazi iliishi kwa kujificha, mwalimu na wanagenzi wake. Kwa njia ya Jerry, Hardy alifika Gifu mwaka 1973 kujifunza kwa Horihide. Jerry akafariki mwaka huohuo. Mwaka 1982, Hardy na wenzake waliandaa mkutano wa wachora tatuu ndani ya meli kubwa ya Queen Mary, iliyotia nanga Long Beach, California.

Jerry anakumbukwa kwa jambo lingine ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko michoro yake. Alikuwa miongoni mwa wachora tatuu wa mwanzo kutumia sindano mpya kwa kila mteja na kuchemshia vyombo kwenye mashine ya mvuke wa hospitali.

Kuchora kwa mikono miwili

Visiwani Samoa, katika bahari ya Pasifiki, haikuhitajika barua. Kazi ya tatuu huko inaitwa tatau, neno linalofanana na lile la Tahiti ambalo mabaharia wa Uingereza walilisikia katika safari ya Kapteni Cook ya mwaka 1769 na kulibeba, mpaka likatufikia sisi kama tatuu. Fundi hushika kichana chenye meno, zamani kikitengenezwa kwa pembe ya ngiri na kufungwa kwenye mpini, na hukigonga kwa kijiti. Hawezi kufanya peke yake. Wasaidizi hukaa pembeni wakivuta ngozi, na hapo ndipo mwanagenzi huanza: kwa miaka mikono yake hushika ngozi ya watu huku macho yakifuata mkono wa mkubwa wake. Mchoro wa mwanamume huanzia kiunoni hadi magotini, na anayeuacha katikati hubaki na aibu. Siku hizi mafundi wengi wamebadilisha meno ya pembe kwa ya chuma, kwa sababu chuma kinastahimili mvuke wa kuulia vijidudu.

Kwetu pia kazi hii si ngeni. Wamakonde wa Newala, Tandahimba na ng'ambo ya Ruvuma nchini Msumbiji walikuwa na mtaalamu wake, mpundi wa dinembo, fundi wa mapambo ya mwili. Alichanja kwa kisu kidogo na kupaka mkaa uliotokana na nyonyo, au mbarika kama wengine waitavyo, na kidonda kikipona kiliacha mistari ya buluu iliyokolea usoni na tumboni. Mjerumani Karl Weule aliyepita huko mwaka 1906 aliiandika na kuipiga picha. Wazee wachache bado wanayo nyusoni.

Mpundi alijua jambo ambalo mafundi wengi wa mashine wanalisahau. Kwenye ngozi nyeusi, wino hukaa chini ya rangi yetu ya asili, kwa hiyo njano na waridi hufifia, ila mistari minene ya rangi nzito inaonekana vizuri. Fundi aliyejifunzia kwenye ngozi nyeupe tu akikutana na ngozi yetu huona rangi haikolei, akaongeza nguvu, akachimba. Na ngozi yetu ndiyo inayoota makovu ya kuvimba, keloidi, kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo swali la alijifunzia kwenye ngozi ya nani lina maana mbili.

Damu haichagui rafiki

Mafundi kuchorana kuna hatari yake: ukaribu huleta uzembe. Sindano ikizunguka kati ya marafiki watatu, ni sawa na wembe mmoja wa chale kupita familia nzima. Kirusi cha homa ya ini aina B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka usiloliona. Virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina C navyo hupita kwenye damu, na pepopunda huingia kwenye kidonda kichafu. Jiji la New York lilipiga marufuku tatuu mwaka 1961 kwa hofu ya homa ya ini, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1997.

Kupitisha sindano kwenye moto wa kibiriti hakutoshi. Kuichovya kwenye spiriti hakutoshi. Mashine ya mvuke huua vijidudu kwa nyuzi joto 121 chini ya shinikizo, kwa dakika 15 au zaidi. Fundi asiye nayo afungue sindano mpya kwenye pakiti mbele yako na aitupe baada yako. Wino nao umiminwe kwenye kikombe kidogo chako peke yako. Hapa wengi hukosea: sindano ni mpya, lakini inachovywa kwenye chupa iliyochovywa jana.

Kwa hiyo ukiwa umeamua, usianze na bei. Muulize alijifunza kwa nani. Mwombe akuonyeshe tatuu alizozichora miaka miwili iliyopita na zikapona, kwa watu wenye ngozi kama yako, maana picha ya siku ileile hung'aa hata kama kazi ni mbovu. Muulize ni fundi gani mwenzake amewahi kumchora. Akicheka na kukuonyesha mguu, endelea kuzungumza naye. Akisema wewe ndiye wa kwanza, mwambie atafute chungwa.

Ikiwa tayari umechorwa kwa sindano usiyoiamini, nenda kituo cha afya ukaeleze ukweli na upimwe. Kama ni ndani ya siku tatu, nenda leo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya UKIMWI hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Uliza pia kuhusu chanjo ya homa ya ini aina B.