Meduza wa Tanganyika na sifuri niliyompa mtoto wa watu

Bandugu wa umoja, wiki iliyopita mmoja wetu aliandika hapa kwamba ziwa Tanganyika zamani lilikuwa bahari, na ushahidi wake ni meduza. Wengi wakapenda. Mimi nikanyamaza, haya ilinishika: jambo hilo hilo nililifundisha miaka miwili katika shule moja ya Walikale, kabla ya kurudia mihogo na udongo wangu.

Meduza yupo kweli. Huku Bisie ukieleza mnyama asiye na mfupa, asiye na damu wala ubongo, mwili karibu wote maji, watu watakucheka. Sisi tunajua kasiterite. Watu wa pwani wanaye wa bahari, wanamwita yavuyavu au konyeza. Wa Tanganyika ni mdogo, sentimita 2 hivi kwa upana, bapa kama kifungo cha koti. Anakula vidudu vidogo vya majini, na watoto wake wanachipuka pembeni ya mdomo wake, kama vile mgomba unavyotoa machipukizi.

Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883. Mwaka uliofuata akafia Katanga. Ni Robert Günther njo alikuja kumweleza vizuri mwaka 1893, na hapo wasomi wa Ulaya wakashangaa: mnyama wa bahari anafanya nini katikati ya Afrika?

Mwingereza J. E. S. Moore akatumwa kuangalia, mara ya kwanza 1895, tena 1899. Huyu hakuwa mjinga. Aliona konokono wa ziwa wanafanana na makombe ya bahari ya wakati wa Jurasiki yaliyogeuka mawe. Akaongeza meduza, akasema: bahari iliingia zamani kupitia bonde la Kongo, ikabaki pale. Alipanda hata kwetu Kivu, na wanyama hao hakuwakuta. Kwake hiyo ilikuwa nguvu zaidi: basi ni Tanganyika peke yake. Kitabu chake kikatoka 1903.

Mwaka ule ule, 1903, meduza akaonekana ziwa Viktoria. Baadaye mto Niger pia. Sasa, Niger nayo ni bahari iliyofungiwa?

Lakini jibu lilikuwepo tangu 1880. Mwaka ule, London, meduza wa maji baridi waliogelea ndani ya birika la mayungiyungi, katika bustani ya Regent's Park. Hakuna aliyesema birika lile lilikuwa bahari! Meduza wa namna hii ana hatua nyingine ya maisha, polipo mdogo sana anayejishika mahali na kukaa, mpaka siku ya kutoa meduza. Mbelgiji Jean Bouillon alimchunguza sana huyu wa kwetu miaka ya 1950. Na umri wa ziwa unamaliza maneno: Tanganyika ina miaka milioni 9 mpaka 12, Jurasiki iliisha miaka milioni 145 iliyopita. Konokono wale walipata sura yao humo humo ziwani.

Mimi nilikuwa na daftari langu la zamani tu, nikasoma humo, nikaandika ubaoni. Kwenye mtihani niliuliza: "Toa ushahidi kwamba Tanganyika ilikuwa bahari." Mwanafunzi mmoja akaandika: "Haikuwa bahari mwalimu, maji yake si ya chumvi." Nilimpa sifuri. Tena nilisoma jibu lake kwa sauti ili darasa licheke, na wakacheka. Sababu yake haikutosha, chumvi inaweza kusafishwa na mvua kwa muda mrefu. Lakini yeye peke yake alikataa, na alikuwa na haki.

Nilimtafuta tangu wiki iliyopita, namba yake haipiti tena. Nasikia alishuka Goma. Anayemjua mtoto wa Walikale aliyechekwa kwa sababu ya chumvi, amwambie swali lile alilipata.