Mwaniko: Neno la Jamvini kwa Kazi ya Kamera

Siku ya tatu baada ya onyesho nilimpelekea bi mkubwa video yake. Alikuwa ameimba taarabu usiku, Ngome Kongwe, Unguja, amevaa gauni jeusi na mtandio mweupe, wanja na poda vimemkaa. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, mtandio nauona. Uso wangu uko wapi?"

Mahali pa uso palikuwa na doa jeupe lenye nyusi na midomo. Nilimwomba radhi. Kijana tunayehariri naye, aliyekuwa amekaa kando yangu, akajibu kwa upole, "Bi mkubwa, picha imeungua."

Kauli hiyo ina umri. Waliotumia kamera za filamu wanaijua vizuri: ukifungua mgongo wa kamera kabla filamu haijarudi kwenye mkebe wake, mwanga unaingia na picha zinaungua. Hakuna moto wala moshi, lakini hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Fundi wa studio alisema zimeungua, ukajua kwamba picha za harusi zimekwenda. Kamera nyingi za leo hazina filamu, na kauli imebaki. Kinachokosekana ni jina la jambo lenyewe, lile ambalo likizidi picha huungua na likipungua picha huwa giza. Wengi wetu tunasema eksposha, na tunaendelea na kazi.

Eksposha ni kiasi cha mwanga ambacho filamu au kihisi cha kamera kinapata ili kutengeneza picha moja. Kiasi hicho kina mambo mawili ndani yake: mwanga unaofika una nguvu gani, na unakaa hapo kwa muda gani. Nguvu yake inarekebishwa na tundu la lenzi. Ukitoka f/2.8 kwenda f/4, mwanga unaopita unabaki nusu. Muda unashikwa na shata. Ukitoka 1/50 ya sekunde kwenda 1/100, unabaki nusu vilevile. Kila nusu hiyo, au mara mbili yake ukielekea upande wa pili, mafundi huihesabu kuwa hatua moja. ISO watu huitaja pamoja na hizo mbili, lakini katika kamera ya dijitali kazi yake ni nyingine: inakuza ishara baada ya mwanga kupokewa, kama mtu anavyoongeza sauti ya spika. Ukiikuza kupita kiasi unasikia mvumo, na kwenye picha mvumo huo ndio chenga.

Sasa tuiiteje eksposha? Wapo wanaosema mwangaza. Ni neno zuri, lakini mwangaza ni wa taa. Jukwaa linaweza kuwa na mwangaza mkali, na picha ikatoka giza kwa sababu tundu la lenzi limebanwa. Tukiita vitu viwili kwa jina moja, mwanafunzi atakimbilia kuhamisha taa wakati tatizo liko kwenye kamera. Mfichuo nao nimeusikia. Huo umetokana na kamusi, pale neno la Kiingereza linapotafsiriwa kwa maana yake ya kutoboa siri. Kamera haitoboi siri ya mtu. Kiasi cha mwanga kinaeleweka kwa kila mtu, ila hakizai kitenzi, na mtu wa kamera anahitaji kitenzi kila dakika.

Kitenzi tunacho, na tunakitumia kila siku: kuanika. Unaanika nguo, dagaa, mpunga. Kama ulivyo mwandiko kutokana na kuandika, utakuwepo mwaniko kutokana na kuanika, na mingi itakuwa mianiko. Naupendekeza bila kusita, kwa sababu haukuazimwa na unabeba hesabu yote niliyoieleza hapo juu.

Aliyewahi kukaa Pemba msimu wa karafuu ataniunga mkono. Karafuu mbichi zikishachambuliwa makonyo hutandazwa jamvini, juani, kwa siku kadhaa mpaka zigeuke rangi na kukauka. Anayezisimamia hana kipimo mkononi. Anatazama jua lina ukali gani leo, anahesabu zimekaa saa ngapi, anazigeuza kwa mkono, anasikiliza zinavyogongana. Jua likiwa kali, muda unapungua. Wingu likitanda, muda unaongezeka. Ukali na muda vinafidiana, na huo ndio uhusiano wa tundu na shata. Karafuu iliyoanuliwa mapema huoza, na hakuna atakayeilaumu karafuu. Huulizwa aliyeanika.

Najua pingamizi litakalokuja, kwamba kuanika kuna maana ya kutangaza aibu za watu. Ni kweli, tunasema fulani kamwanika mwenzake hadharani. Maana hiyo imetoka kwenye jua lile lile, na haijamzuia mtu yeyote kuanika kanga zake uani. Neno likiingia kwenye kazi, kazi yenyewe huliwekea mipaka.

Jukwaani ndipo utakapoona neno hili linavyosaidia. Kamera za DSLR zilianza kurekodi video mwaka 2008, zikitangulia Nikon D90 na kisha Canon EOS 5D Mark II, na tangu hapo wapiga picha wengi wa harusi na matamasha wamejikuta ni wapiga video pia. Kihisi cha DSLR ni kikubwa, lenzi zinabadilishwa, na gizani inaona vizuri. Lakini ikiachwa ijiamulie, inaanika vibaya. Kipima mwanga cha kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba eneo lililo mbele yake, likijumlishwa lote, lina wastani wa kijivu cha kati. Jukwaa la usiku halina wastani huo. Lina pazia jeusi au ukuta wa mawe uliozama gizani, na katikati mtu mmoja chini ya taa. Kamera inaliona giza lile, inadhani mambo yote ni giza, inaongeza mwaniko. Pazia linakuwa la kijivu, uso unaungua.

Kwenye taarabu kuna jambo zaidi, nalo ni kutuza. Mwimbaji akifika penye ubeti unaowagusa, kina mama wanainuka na noti mkononi, wanapita mbele ya lenzi mmoja mmoja, wengine kwa madoido, wamevaa nguo zinazometa. Akipita aliyevaa nyeupe, kamera inapunguza mwaniko na mwimbaji anazama gizani. Akiondoka, mwaniko unapanda na uso unapauka. Wimbo mzima picha inajaa na kupwa kama maji ya bahari, na mtazamaji anachoka bila kujua sababu.

Dawa yake ni kuanika kwa mkono. Unaweka kamera kwenye M, unachagua picha 25 kwa sekunde na shata 1/50, kasi inayokwenda sambamba na umeme wetu wa 50 Hz na kupunguza mistari inayotambaa chini ya baadhi ya taa. Unapima mwanga usoni peke yake, wakati taa kuu imewaka, si wakati wa majaribio ukumbi ukiwa na taa za usafi. Kisha unaacha hapo hapo. Pazia liwe jeusi kama lilivyo.

Hata kupima usoni kunataka akili. Kipima mwanga hakijui kama kinatazama ngozi, ukuta au kanzu. Kila unachokilenga, chenyewe kinataka kukileta kwenye kijivu kile kile. Ngozi nyeusi ya watu wetu, ukiianika kama kipimo kinavyotaka, hutoka nyepesi kuliko ilivyo, imepoteza wekundu wake na umbo la mifupa chini yake. Ni lazima upunguze nusu hatua, mara nyingine hatua nzima. Jambo hili linaniuma, kwa sababu lina historia. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi zetu zikaachwa zitoke zitakavyotoka. Leo vifaa ni bora zaidi. Kuanika uso mweusi kwa haki bado ni uamuzi wa mtu aliyesimama nyuma ya kamera.

Na video haisamehe. Picha ya mnato ikihifadhiwa ghafi hukuachia nafasi ya kurudisha kilichopauka. Video ya DSLR nyingi hubanwa kwa biti 8, ngazi 256 tu kwa kila rangi, na sehemu iliyofika kwenye weupe wa mwisho haina kitu ndani cha kurudisha. Ndiyo maana kijana yule, na programu zake zote, hakuweza kumsaidia bi mkubwa.

Tulirekodi tena mwezi uliofuata, kwenye ukumbi mdogo, bi mkubwa na mtandio ule ule. Safari hii nilimwambia kijana: "Anika kwa ajili ya uso, mtandio uuache." Akapima shavuni, akapunguza nusu hatua, akaondoa kidole kwenye kamera. Kina mama walipita na noti zao, wenye nguo nyeupe na wenye nguo za kumeta, na picha haikutikisika. Baadaye bi mkubwa aliitazama akiwa amesimama kando ya jukwaa. Mtandio ulikuwa umepauka kidogo begani, wala hakuutaja. Aliusogeza ukucha wenye hina kwenye kioo, juu ya kovu dogo karibu na jicho la kushoto, akasema lile alilipata mtini, utotoni, siku ya kuchuma karafuu.