Uzi: Mnara wa Chetambe uandikwe majina ya nani?

Wadau, hili swali hurudi kila siasa za Magharibi zikipamba moto. Kakamega mtu anapanda jukwaani kumsifu Nabongo Mumia. Wiki haijaisha, Bungoma mwingine anajibu ati Mumia ndiye aliyetuletea wazungu, na mashujaa wa kweli walikufa Chetambe. Kisha wote wawili wanahubiri umoja wa Mulembe. Hebu tuifungue polepole.

Mwaka 1895 Charles Hobley alikuja Mumias, mji wa Nabongo, kama afisa wa Waingereza. Wakati huo huku kote kulihesabiwa kuwa Uganda; tuliingizwa Kenya 1902. Kaskazini walikaa Wabukusu katika vijiji vyao vya chingoba, vyenye ukuta wa udongo na handaki. Walikuwa na bunduki, na Waingereza walizitaka. Kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa huko kikauawa.

Jibu likatoka Mumias: Wasudani, Waganda, Wamasai na Wawanga, chini ya Waingereza. Lumboka ikaanguka kwanza. Walionusurika wakakimbilia ngome ya Chetambe, juu ya kilima kinachotazama Webuye. Nayo ikavunjwa. Wazee wanaosimulia vita hivyo huwataja pia wanawake na watoto waliokufa mle ndani, na ng'ombe waliochukuliwa.

Sasa, usaliti? Msaliti ni mtu anayewageuka wenzake. 1895 hakukuwa na "Waluhya" kama tunavyojiita leo. Jina hilo lilishika kasi kisiasa miaka ya 1930 na 1940. Mumia alikuwa mfalme wa Wanga aliyetafuta mshirika mwenye nguvu dhidi ya majirani zake, jambo ambalo watawala wengi wa Afrika Mashariki walifanya. Lakini msinielewe vibaya, simtakasi mtu hapa. Alifaidika, tena sana.

Na hapa ndipo penye kidonda chenyewe. Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Mumia chifu mkuu, na ndugu zake wakapelekwa kutawala watu wasiokuwa Wawanga. Murunga, ndugu yake wa baba mmoja, akawekwa juu ya Wabukusu. Vita vilikwisha kwa muda mfupi. Machifu wa kuletwa walikaa miaka na miaka, na kodi ya nyumba ilipitia mikononi mwao. Ukisikiliza vizuri lawama za jukwaani, nyingi ni za enzi hiyo, ila zinavalishwa nguo za 1895.

Maana watu hawakuisahau 1895. Mwaka 1947 Elijah Masinde na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walikusanyika kuwakumbuka waliokufa katika vita hivyo. Hakukuwa na sanamu wala jiwe la msingi, na bado serikali ya kikoloni ilishtuka. Mwaka uliofuata dini hiyo ikapigwa marufuku, naye Masinde akapelekwa kizuizini Lamu.

Haya, tuseme pesa za mnara zimepatikana. Makamanda ni akina nani? Wabukusu wengi watakutajia Mukite wa Nameme. Watachoni watakuambia subiri kidogo, ngome ile ni ya mzee wetu Chetambe, mbona mnatufuta? Kwa hiyo hata kabla hujafika Mumias, upande wa walioshambuliwa wenyewe una mjadala. Nani atakaa nao wakubaliane kabla fundi hajachonga herufi?

Halafu kuna lile la "kaunti haina uwezo" dhidi ya "serikali kuu imetutenga". Someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Makumbusho na shughuli za utamaduni ni kazi za kaunti. Minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali ya taifa. Kwa hiyo ukiahidiwa mnara, muulize anayeahidi anazungumzia upi kati ya hizo mbili, maana bajeti na mlango wa kubisha ni tofauti.

Maoni yangu: Wawanga waliokwenda na Hobley waandikwe palepale Chetambe, upande wao na sababu zao, na Murunga aandikwe na cheo alichopewa baadaye. Mnara wa upande mmoja utapigwa picha siku ya uzinduzi, na uchaguzi ukifika utakuwa jukwaa la matusi. Najua Mumias na Webuye kuna watakaonipinga. Karibuni kwenye majibu, ila mje na historia.