Kipupwe cha Mafia: Kombe Lina Jina, Nahodha Hana

Mtu wa bara akisikia "baridi ya Mafia" anacheka. Baridi ipi bwana, kisiwani kwenye minazi? Baridi iko Makete, iko Lushoto! Lakini muulize mvuvi yeyote wa Chole au Jibondo kuhusu kipupwe, ile miezi ya Juni na Julai upepo wa kusi unapokuwa umekolea. Ni kweli, kipimajoto hakishuki sana chini ya nyuzi 20. Ila kaa kwenye mashua saa kumi na moja alfajiri, nguo zimelowa maji ya chumvi, upepo haupumziki, halafu subiri samaki saa sita mfululizo. Meno yatagongana yenyewe. Maji yanapokauka mwilini kwa upepo huondoka na joto lako, ndiyo maana nyuzi 22 za baharini si sawa na nyuzi 22 za barazani.

Sasa ukiambiwa kuna watu duniani wanalipa ada, wanavaa beji na kugombea kombe ili tu wakae kwenye baridi wakivua, utasema ni wendawazimu. Kumbe ni mchezo wenye historia ndefu. Kule Uingereza wafanyakazi wa viwandani walikuwa na klabu zao za kuvua tangu karne ya 19. Mwaka 1903 klabu hizo zikaunda shirikisho la taifa, na mwaka 1906 yakaanza mashindano ya ubingwa wa nchi nzima. Kila mshindani anapiga kura ya mahali pa kukaa kando ya mto au mfereji, filimbi inalia, na mwisho samaki wanapimwa kwenye mizani. Ligi za majira ya baridi hazisimami hata kukiwa na barafu ukingoni. Anayeshinda jina lake linaandikwa.

Mchezo huo ulifikaje pwani yetu? Ulikuja na wakoloni. Mafia (ambayo haina undugu na majambazi wa Sicily) iliingia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1890. Januari 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaiteka, na kutoka hapo ndege zao ziliruka kwenda kuitafuta manowari ya Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Julai mwaka huohuo manowari ile ikamalizwa. Vita vilipokwisha Tanganyika ikawa chini ya Mwingereza, na Mwingereza akitulia mahali, kitu cha kwanza ni klabu: ya gofu, ya tenisi, ya mashua, ya kuvua. Katika klabu nyingi za Wazungu za enzi hizo, Mwafrika aliingia kwa mlango wa mhudumu. Uanachama haukumhusu.

Pwani ya Afrika Mashariki ikapata sifa kwa wavuvi wa fimbo. Mwaka 1934 mwandishi wa Kimarekani Ernest Hemingway, baada ya kuwinda Tanganyika, alishuka pwani ya Kenya kuvua kwenye kina kirefu. Mwaka 1939 likaanzishwa kule Marekani shirika la kimataifa la uvuvi wa mchezo, IGFA, ambalo hadi leo ndilo linalotunza rekodi za dunia. Maji ya Mafia nayo yakajulikana: nguru, jodari, kolekole, na sulisuli mwenye pua kama mkuki. Miaka ya 1970 serikali ikajenga hoteli ya kitalii Utende, mbele ya ghuba ya Chole, na wageni wenye fimbo zao wakaendelea kuja.

Hapa ndipo pa kutazama vizuri. Sheria za IGFA zinasema samaki akishaumwa na ndoana, mwenye fimbo apambane naye peke yake. Mtu mwingine akigusa fimbo au mshipi, rekodi imekufa. Inasikika kama haki kabisa, mtu mmoja na samaki mmoja. Lakini nani alijua samaki yuko wapi? Nani alipitisha chombo mlango wa Kinasi, ambako maji ya ghuba hutoka na kuingia kwa nguvu ya kutisha? Nani alisoma ndege wanaodonoa juu ya maji akajua chini kuna jodari? Nani alipanga mnazi huu na kile kilima mstari mmoja, akasema "mwamba uko hapa" bila chombo chochote cha kupimia?

Ni nahodha na baharia wake. Na ile dakika ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote: samaki mzito amefika ubavuni, bado ana nguvu, na mtu lazima ashike kipande cha mwisho cha mshipi kwa mkono, mwingine apige kulabu. Sheria inaruhusu wasaidizi kufanya kazi hiyo. Mkono unaoweza kukatwa ni wa baharia, ila picha inayopigwa gatini ni ya mgeni akiwa na samaki wake.

Elimu ile haikutoka klabuni. Hata uvuvi wa kuburuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, ambao wageni wanauona ni wa kisasa, watu wa pwani wana neno lake wenyewe: kurambaza. Ndiyo, hilohilo tunalotumia leo kwa kuzurura intaneti. Mtoto wa Jibondo alijifunza bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma saa. Alijua kusi likivuma unabaki ndani ya miamba, kaskazi likija unatoka nje.

Na hapo kuna kichekesho kichungu. Wageni wengi wa fimbo huchagua miezi ya Septemba hadi Machi, bahari inapokuwa na adabu. Kipupwe wanawaachia wenyeji. Kwa hiyo mashindano halisi ya baridi pale Mafia hayana filimbi wala kombe. Mshindani amevaa sweta ya mtumba juu ya kikoi, kifua kimepashwa na chai ya tangawizi, mshipi umezungushwa kidoleni. Akikosa samaki, jioni nyumbani ni muhogo mkavu.

Mambo yamebadilika, si haba. Mwaka 1995 Mafia ilipata hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822, baada ya miaka ya baruti na nyavu haribifu kuumiza matumbawe. Wavuvi wa fimbo wengi siku hizi humrudisha sulisuli baharini akiwa hai, wengine wakimtia alama ili wanasayansi wajue anasafiri hadi wapi. Yaani samaki anaandikiwa namba, tarehe na mahali alipopatikana.

Samaki ana kumbukumbu, mshindi ana kombe. Aliyewafikisha wote wawili mahali pamoja, mara nyingi hata jina la kwanza hakuandikwa. Kwenye picha za zamani za uvuvi wa namna hii pwani yetu, mtazame yule aliyesimama pembeni, kaptula imelowa, mkono umeshika mkia wa samaki asidondoke. Huyo alikuwa baba au babu wa mtu. Kama ni wa kwenu, taja jina lake.