Nyumba za gharama nafuu Busia na Tororo: mambo ya kuchunguza kabla ya kununua

Serikali ya mtaa inapotangaza kwamba inafikiria kujenga nyumba za gharama nafuu za kuwauzia wananchi, swali la kwanza huwa ni bei. Lakini katika miji ya mpakani ya Busia na Tororo, mambo mengine matatu huamua iwapo mnunuzi atakuwa mmiliki kwa hakika: ardhi, mkopo na masharti ya kuuza.

Ardhi ni ya nani?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: wa kimila, umiliki huru, mailo na upangaji wa muda maalumu. Ardhi isiyo na mwenyewe wilayani hushikiliwa na kugawiwa na Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Kwa hiyo kiwanja chenye wakulima wenye haki za kimila hakiwezi kuhesabiwa kuwa kitupu kwa sababu tu hawana hati.

Upande wa Kenya, sehemu kubwa ya ardhi ya umma hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi, nayo husimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Kwa familia zenye ndugu pande zote mbili za mpaka, uraia ni jambo la kuzingatia. Katika nchi zote mbili, asiye raia anaweza kupata upangaji wa ardhi usiozidi miaka 99, bali si umiliki huru.

Nani atalipia?

Tororo ina mfano wake. Katika mtaa wa mabanda wa Kasoli, manispaa, serikali kuu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi (UN-Habitat) na benki ya DFCU walishirikiana katika mpango wa nyumba kwa wakazi wa kipato cha chini. Fedha hazikuwa zawadi: zilitolewa kama mkopo wa kurejeshwa.

Kenya imechukua njia ya tozo. Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024, inamtoza mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Sheria hiyo ilitungwa baada ya Mahakama Kuu, mnamo Novemba 2023, kuamua kwamba tozo ya awali ilikiuka katiba. Wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi wametengewa nyumba za kijamii. Wa kati ya shilingi 20,000 na 149,000 wametengewa nyumba za gharama nafuu.

Nyumba nafuu kwa nani?

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Mtu akikopa shilingi 900,000 kwa miaka 20, riba ya asilimia 9 kwa mwaka humtaka alipe takriban shilingi 8,100 kila mwezi. Riba ikiwa asilimia 13, malipo hupanda hadi takriban shilingi 10,500. Bei ya nyumba haikubadilika, ila mzigo umeongezeka kwa karibu theluthi.

Kwa mchuuzi wa nafaka, mwendesha bodaboda au mbadilishaji fedha mpakani, tatizo hutangulia hata riba: hana hati ya mshahara ya kuionyesha benki. Ndiyo sababu moja ya mikopo ya nyumba kuwa michache. Mwishoni mwa mwaka 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya aina hiyo takriban 30,000. Mradi usioweka njia ya kupokea malipo ya wenye kipato kisicho cha kila mwezi, kwa mfano kupitia vyama vya akiba na mikopo, huishia mikononi mwa waajiriwa na wawekezaji.

Je, unaweza kuiuza?

Sheria ya Kenya inamzuia aliyenunua nyumba ya mpango huo kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi husika. Lengo ni kuzuia ulanguzi. Hata hivyo, familia inayolazimika kuhama kwa sababu ya ugonjwa au kazi inapaswa kulijua sharti hilo mapema.

Maswali ya kuuliza

Kikao cha hadhara kinapoitishwa, mwananchi ana haki ya kuuliza: Hati ya kiwanja iko kwa jina la nani? Waliokuwa wakikitumia wamefidiwa? Mnunuzi atapewa hati yake lini, kabla au baada ya kumaliza deni? Riba inaweza kupanda? Akishindwa kulipa miezi mitatu, itakuwaje? Maji, barabara na maji taka vimo ndani ya bei?

Majibu hayo yaandikwe katika mkataba, kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa, kabla hajatoa malipo ya kwanza.