Wagonjwa Ambao Mathari Haikuwahesabu

Safari ya kutoka Luanda Kotieno, bandari ndogo ya Ziwa Victoria yenye feri za kwenda Mbita, hadi lango la Hospitali ya Mathari humaliza siku nzima: matatu hadi Bondo, nyingine hadi Kisumu, kisha basi la Nairobi. Anayefika huiona kando ya barabara ya Thika, Muthaiga ya matajiri upande mmoja, mabati ya bonde la Mathare upande wa pili.

Mahali hapo palikuwa kituo cha kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikapageuza kuwa nyumba ya kuwafungia wenye wazimu. Hata sheria iliyotumika ilikuwa ya kuazima: ilitungwa India mwaka 1858, enzi za Malkia Victoria. Jina la Mathari lilikuja 1924. Ndani, Wazungu, Waasia na Waafrika walilazwa sehemu tofauti.

Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali daktari J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea maradhi ya akili. Alichambua taarifa za Waafrika 558 waliopokelewa kati ya 1939 na 1943, akatangaza kwamba wazimu ni nadra mno miongoni mwa Waafrika: watu 3.4 tu kwa kila 100,000. Kwa mtu wa ziwani, kasoro ya hesabu hiyo iko wazi. Ni familia gani ya Uyoma, eneo la Luanda Kotieno, ingempeleka mwanawe Nairobi, penye kufuli na lugha ngeni, ilhali ajuoga, yaani mganga, yuko kijijini na ndugu wapo wa kumlinda? Waliofikishwa Mathari wengi walikuwa wale waliogongana na polisi au mwajiri. Waliobaki nyumbani hawakuhesabiwa, na kutohesabiwa kwao kukageuzwa ushahidi juu ya akili ya Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Carothers kilichoufananisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaiandikia serikali ripoti iliyoyaeleza maasi ya Mau Mau dhidi ya wakoloni kama tatizo la saikolojia. Habari za ardhi iliyonyang'anywa zikawekwa kando.

Elijah Masinde alikuwa ameionja mapema dawa hiyo ya kuuita upinzani wazimu. Mchezaji huyu wa zamani wa timu ya taifa ya kandanda, kiongozi wa dhehebu la Dini ya Msambwa miongoni mwa Wabukusu, alipinga amri za wakoloni, na mwaka 1945 akapelekwa Mathari. Aliachiliwa 1947, akarudi kuhubiri yale yale. Safari ya pili walimhamishia Lamu, wala hawakuhitaji tena cheti cha daktari.

Leo mgonjwa wa Luanda Kotieno anaweza kutibiwa Kisumu, katika hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti ambayo wenyeji bado wanaiita Rasha. Lakini Mathari yenyewe haijafungwa. Inapokea wagonjwa kutoka nchi nzima, na inafundisha madaktari wa Kenya taaluma ambayo Carothers aliishika bila kuisomea.