Fiziolojia: Jinsi ya kujipima kwa maswali kabla ya mtihani wa leseni ya udaktari

DAKTARI aliyesomea nje ya Marekani na ambaye angependa kuhudumu huko kwa kawaida hulazimika kupita mtihani wa leseni wa nchi hiyo, maarufu kama USMLE, hata awe alihitimu kwao kwa alama za kupigiwa mfano. Kanuni hiyo humhusu anayetoka Nairobi sawa na anayetoka Karachi au Manila.

Hatua ya kwanza ya mtihani huo hupima sayansi za msingi za tiba. Mtahiniwa hujibu maswali yasiyozidi 280 kwa siku moja, na wastani wa muda alio nao ni sekunde 90 kwa kila swali. Takriban theluthi moja ya maswali hayo hugusa fiziolojia, yaani elimu ya jinsi viungo vya mwili vinavyofanya kazi.

Kuteleza kuna gharama. Tangu Julai 2021, mtahiniwa haruhusiwi kujaribu hatua moja zaidi ya mara nne. Tangu Januari 2022, matokeo ya hatua ya kwanza hutolewa kwa kufaulu au kuanguka tu, bila alama. Anayeanguka na kufaulu baadaye hawezi kuifuta rekodi yake. Jaribio la awali husomwa na kila hospitali anakoomba nafasi ya mafunzo.

Licha ya hayo, wanafunzi wengi hujiandaa kwa kusoma kitabu kile kile mara kwa mara, huku wakipigia mistari wanayoyaona muhimu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, ulionyesha udhaifu wa njia hiyo.

Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala mara nne. Jingine lilisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kuandika lililoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wao walikumbuka asilimia 40, ilhali waliojipima walikumbuka asilimia 61.

Sababu ni kwamba kurudia kusoma humzoesha msomaji maneno, naye akadhani ameelewa. Swali humlazimisha kuyatoa maarifa kichwani mwake mwenyewe, na pengo likiwapo hujitokeza papo hapo.

Hata hivyo, fiziolojia haishindwi kwa kukariri majibu. Chukua mfano huu: kijana mwenye afya njema, aliyeishi Mombasa maisha yake yote, anasafiri hadi Iten, mwinuko wa takriban mita 2,400. Saa chache baada ya kufika, ni badiliko lipi linalotarajiwa? Je, asilimia ya oksijeni hewani imepungua? Chembechembe nyekundu za damu zimeongezeka? Kabonidioksidi katika damu imeongezeka, au imepungua?

Asilimia ya oksijeni haijabadilika. Ni 21 pwani na 21 mlimani. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, kutoka milimita 760 za zebaki usawa wa bahari hadi karibu 570. Ukiondoa 47 za mvuke wa maji ulio katika njia ya hewa, kisha ukapata asilimia 21 ya kilichosalia, shinikizo la oksijeni inayovutwa ni takriban 150 Mombasa na 110 Iten.

Vihisio vidogo kwenye mishipa mikubwa ya shingo hutambua upungufu huo na kuamrisha pumzi iongezwe. Kwa kupumua zaidi, kijana huyo hutoa kabonidioksidi nyingi kuliko kawaida. Jibu basi ni kwamba gesi hiyo imepungua, na damu imeelekea upande wa alkali.

Kuongezeka kwa chembechembe nyekundu ndio mtego. Ni kweli kwamba figo hutoa homoni ya kuchochea utengenezaji wake, lakini ongezeko lenyewe huchukua wiki kadhaa. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama swali lingetaja mwezi mmodi badala ya saa chache.

Kutokana na mfano huo, yapo mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, mtahiniwa ayafunike machaguo na atabiri mwenyewe kitakachoongezeka, kitakachopungua na kitakachobaki vile vile. Pili, baada ya kujibu, aeleze kwa nini kila jibu lililobaki ni kosa, hata pale alipopata.

Tatu, abadilishe jambo moja katika swali na alijibu upya. Itakuwaje iwapo aliyepungukiwa na oksijeni ni mgonjwa ambaye mapafu yake yameharibiwa na sigara? Huyo anaweza kulimbikiza kabonidioksidi, na damu ikaelekea upande wa asidi. Nne, aweke daftari la makosa, akitenga aliyokosa kwa kutojua, kwa kutosoma vyema na kwa hesabu mbovu.

Aidha, ni heri maswali machache kila siku, yakichanganya moyo, figo na mapafu, kuliko mamia kwa usiku mmoja. Waandalizi wa mtihani hutoa maswali ya mfano bila malipo kwenye tovuti yao, na hayo yafaa kujibiwa kwa saa mkononi.

Anayetafuta maswali yaliyovuja anajitia hatarini. Mnamo Januari 2024, waandalizi wa USMLE walibatilisha alama za baadhi ya watahiniwa waliohusishwa na Nepal, baada ya uchanganuzi kuashiria kwamba maswali yalikuwa yamejulikana mapema.

Isitoshe, kisa kilichokaririwa hakisaidii wodini. Mgonjwa anayehema kwa shida haji na machaguo matano ya kuteua. Daktari huhitaji kujua ni nini kilichoharibika, mwili unajikinga vipi, na kinga hiyo itadumu kwa muda gani.